Kuzima Seva ya Ofisi Bila Kuharibu Kazi ya Mtu: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Lamu

Kompyuta ya mezani ina mwenyewe mmoja. Akiizima vibaya, hasara ni yake. Seva, kompyuta inayohudumia ofisi nzima, ina wenyewe kumi na tano, na anayebonyeza kitufe mara nyingi si yule atakayepoteza kazi. Ndiyo maana kuizima kuna mpangilio usiopinduliwa: watu kwanza, kisha programu, kisha diski, umeme mwisho kabisa. Anayeanza na umeme huacha yale matatu yajimalize yenyewe, nayo hayajui.

Hapa tunazungumzia ofisi ya kawaida ya kisiwani: seva moja ya Linux (Debian au Ubuntu), sanduku la diski za mtandao, watu 10 hadi 20 wa hesabu, masjala na mapokezi, na UPS (sanduku la betri linaloshika umeme stima ikikatika) chini ya meza. Amri zote zinahitaji mamlaka ya msimamizi, yaani root au sudo. Wenye Windows Server wana sehemu yao mbele.

Kilicho kwenye kumbukumbu

Mtumiaji akibonyeza "hifadhi", programu humwambia kazi imeandikwa. Mara nyingi haijafika diskini bado. Linux huishika kwanza kwenye kumbukumbu na kuipeleka baadaye; kwa mpangilio wake wa kawaida, data yaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla ya kulazimishwa kushuka. Stima ikikatika katika sekunde hizo, kazi imepotea, na aliyeihifadhi ataapa kwamba aliihifadhi. Naye ni mkweli.

Mfumo wa faili wa ext4 una daftari lake la mabadiliko, na wengi hudhani daftari hilo linatosha. Kazi yake hasa ni kulinda mpangilio wa faili: majina, saraka, nani anamiliki nafasi gani. Kwamba yaliyomo ndani ya faili yamefika, hilo haliahidi. Ndiyo sababu baada ya kuzima vibaya waweza kukuta jina la faili lipo mahali pake na ukubwa wake ni sifuri.

Siku moja kabla

Hakikisha nakala ya akiba ya usiku uliopita ipo, kisha rudisha faili moja kutoka humo uifungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Angalia kama diski zilizopangwa pamoja (RAID) zinajengwa upya:

cat /proc/mdstat

Ukiona asilimia inayopanda, ngojea imalize. Pia usizime katikati ya masasisho. Amri ya pgrep -a apt itakuonyesha kama kuna sasisho linaloendelea. Ukilikata, utaamka na mfumo uliosakinishwa nusu, na utalazimika kuanza na dpkg --configure -a.

Tazama vilevile kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe: systemctl list-timers, atq, na crontab -l ya kila mtumiaji. Ofisi nyingi hupanga nakala ya akiba saa saba mchana kwa kuwa watu wamekwenda kula, halafu msimamizi naye huchagua saa hiyohiyo kuzima seva, kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu Ijumaa: kwenye saa sita u nusu ofisi huwa tupu, na yaonekana ndiyo nafasi nzuri. Si nzuri. Watu wanapokimbilia msikitini hufunga skrini, hawafungi faili. Utakuta majedwali sita yako wazi na hakuna wa kuulizwa. Jioni, watu wakiwa bado kwenye viti vyao, ni bora.

Nani yumo ndani?

Amri ya kwanza ambayo kila mtu huijua ni hii:

w

Inakuonyesha waliofungua kikao, wametokea wapi, na wamekaa muda gani bila kugusa kitu. Tatizo ni kwamba inaonyesha walioingia kwenye seva yenyewe tu. Karani aliyefungua jedwali kupitia saraka ya pamoja hayumo. Mtu wa mapokezi anayetumia programu ya hesabu kwenye kivinjari hayumo. Msimamizi akaona jina lake peke yake, akazima, na watu tisa wakapoteza kazi. Kwa hivyo uliza mara tatu zaidi.

Saraka za pamoja:

smbstatus

Sehemu ya chini ya majibu yake hutaja faili zilizo wazi na zinazotumika, moja moja, pamoja na njia yake. Hiyo ndiyo orodha ya watu wa kupigiwa simu.

Hifadhidata: ingia kwenye MariaDB au MySQL, uandike

SHOW PROCESSLIST;

Safu zenye neno Sleep ni miunganisho iliyotulia, si ya kutia wasiwasi. Zenye Query na idadi kubwa ya sekunde ni ripoti au hesabu zinazoendelea. Mwisho wa mwezi usishangae kuona moja imekwenda dakika ishirini. Iache imalize, kwani ukiikata, hifadhidata itabidi irudishe nyuma kila ilichokuwa imebadilisha, na kurudisha nyuma kwaweza kuchukua muda mrefu kama kwenda mbele.

Printa:

lpstat -o

Kazi zilizo kwenye foleni ya printa hazipotei seva ikizimwa vizuri, hubaki diskini na kuendelea baadaye. Hatari ni ile iliyokuwa nusu njia: yaweza kuanza upya, na risiti ikatoka mara mbili. Kwa anayechapisha risiti au hundi, foleni iwe tupu kwanza.

Kama seva ina mashine pepe ndani yake, yaani kompyuta za programu tu zinazoendeshwa humo, virsh list itazitaja. Kila moja izimwe kwa virsh shutdown na jina lake, na zingojewe hadi zitoweke kwenye orodha. Amri ya virsh destroy haifuti mashine kama jina lake linavyotisha, ila ni sawa na kuchomoa plagi yake.

Tangazo, na mtego wa saa

Watangazie dakika 30 kabla, tena dakika 10 kabla. Walio kwenye vikao vya maandishi watapata ujumbe kwa amri hii:

wall "Seva itazimwa saa kumi na moja kamili jioni hii. Hifadhini kazi, fungeni programu, kisha tokeni."

Wale wa saraka za pamoja na wa kivinjari hawataona herufi hata moja. Hao waandikie kwenye kundi la simu la ofisi, na wenye faili wazi wapigie simu. Ukimpigia mtu, mtajie faili yake kwa jina: "Bi mkubwa, lile jedwali la mishahara bado liko wazi kwako." Tangazo la jumla kila mtu hudhani ni la mwenzake.

Kisha panga kuzima:

shutdown -h +15 "Zimebaki dakika 15. Hifadhini kazi zenu."

Ukibadili nia, shutdown -c hufuta mpango. Ukiandika shutdown bila kutaja muda, mfumo hukupa dakika moja tu. Neno now halikupi hata hiyo. Na shutdown -k hutuma onyo tu bila kuzima chochote, nayo yafaa kwa kuwaamsha wazembe.

Sasa mtego wenyewe. Amri hii hupokea pia saa kamili, lakini kwa hesabu ya saa 24 inayoanza usiku wa manane. Mtu akikusudia saa saba mchana akaandika 7:00, mashine imeelewa saa moja asubuhi. Na kwa kuwa asubuhi imeshapita, itapanga kujizima kesho, saa ambayo hakuna anayekumbuka kilichoandikwa. Saa saba mchana ni 13:00. Saa kumi na moja jioni ni 17:00.

Kuna na mtego wa pili nyuma ya huo. Seva nyingi husakinishwa zikiwa na saa ya UTC, saa ya kimataifa, nayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ukiiambia ijizime 13:00, itazima saa kumi alasiri. Andika timedatectl utazame. Isiposema Africa/Nairobi, rekebisha:

timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Ukitumia +15 badala ya kutaja saa, mitego yote miwili umeiruka.

Zinapobaki dakika 5, mfumo wenyewe huunda faili /run/nologin, na kuanzia hapo watumiaji wa kawaida hawaingii tena. Ukitaka kuwazuia mapema zaidi, unda /etc/nologin yenye maelezo yako ndani. Lakini jihadhari: ile ya /run hupotea mashine ikizimika, hii ya /etc hubaki. Seva itawaka kesho, wote wafungiwe nje isipokuwa root, na kama root amezuiwa kuingia kwa mtandao, itabidi mtu akae mbele ya mashine na kibodi.

Kusimamisha programu

Dakika 15 zinapokimbia, anza na programu zinazotazamana na watu, umalize na hifadhidata. Ukianza na hifadhidata, programu ya kivinjari itaendelea kuigongea mlango na kuwapa watu makosa ya ajabu.

systemctl stop apache2
systemctl stop smbd
systemctl stop mariadb

Kabla ya mstari wa pili, rudi kwenye smbstatus. Jedwali lililofunguliwa kupitia saraka ya pamoja, mabadiliko yake yako kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya karani. Saraka ikifungwa kabla hajahifadhi, ataambiwa njia haipo. Kama kompyuta yake bado inawaka, aihifadhi kwenye meza yake mwenyewe, na hakuna kilichopotea. Akishtuka na kuizima, basi.

MariaDB inaposimama huandika diskini iliyokuwa nayo na kujifunga kwa utaratibu. Ikiwa na kazi nyingi, dakika kadhaa ni kawaida, na mpangilio wake wa huduma humruhusu msimamizi kungoja hadi sekunde 900. PostgreSQL ikisimamishwa hukata miamala ambayo haijathibitishwa na kuirudisha nyuma, kisha hufunga. Zote mbili zina adui mmoja: kill -9, amri ya kuua programu papo hapo. Hifadhidata iliyouawa hivyo hujitengeneza ikiwaka tena, mara nyingi kwa mafanikio, lakini usiifanye kuwa desturi.

Kwa michakato mingine iliyokataa kutoka, tumia kill na namba yake bila nyongeza yoyote. Hilo ni ombi, nayo hupata nafasi ya kujisafisha. Ngoja sekunde 30. Ikikaidi, ndipo -9. Kuna moja ambayo hata -9 haiisikii: ile iliyo kwenye hali D, inayongojea diski au mtandao. Utaziona hivi:

ps -eo stat,pid,user,cmd | grep '^D'

Ukiikuta moja hapo, sababu kwa kawaida ni sanduku la diski za mtandao lililozimwa kabla ya seva. Liwashe tena, na mchakato utajifungua wenyewe.

Diski

sync
fuser -vm /srv
umount /srv

Mstari wa kwanza husukuma yote yaliyo kwenye kumbukumbu hadi diskini. (Mafundi wa zamani wa Unix walikuwa wakiuandika mara tatu, mstari kwa mstari. Marudio hayakuwa na nguvu zaidi. Kule kuandika kulikuwa kunaipa diski muda.) Wa pili husema nani bado anaishika saraka ya data (hapa ni /srv), na mara nyingi mshikaji ni wewe mwenyewe: kikao chako kiko ndani ya /srv. Andika cd / ujaribu tena.

Mstari wa tatu, wa kushusha diski, si wa lazima kwa diski za ndani, kwani mfumo utazishusha wenyewe. Kwa diski za nje za USB na sanduku la mtandao, zishushe kwa mkono.

Wakati inazima

Tazama skrini. Kila huduma hupewa sekunde 90 kwa kawaida, kisha hukatwa kwa nguvu. Ukiona mstari mmoja unahesabu sekunde, soma jina la huduma, liandike mahali, ungoje. Hapa ndipo watu wengi huishiwa na subira wakafika kwenye kitufe.

Kitufe chenyewe kina lugha mbili. Ukikigusa mara moja ukaachia, ni ombi la kuzima kwa utaratibu, na Linux huliheshimu. Ukikibana sekunde 4 au zaidi, umeme unakatwa bila salamu.

Ikiganda kabisa, kuna njia moja kabla ya kubana: shika Alt pamoja na kitufe cha SysRq (ni kilekile cha Print Screen), bonyeza S, ngoja sekunde tano, kisha U, ngoja tena, kisha O. S husukuma data diskini, U hugeuza diski zote ziwe za kusomwa tu, O huzima. Ubuntu huruhusu hizi bila kubadilisha chochote.

Taa zikizimika, fuata mpangilio huu kwa vifaa vilivyobaki: sanduku la diski, swichi ya mtandao, ruta, kisha UPS. Seva kubwa zina vyanzo viwili vya umeme nyuma. Chomoa waya zote mbili, na ngoja nusu dakika kabla ya kufungua kifuniko. Kuwasha ni kinyume chake: UPS, ruta, swichi, sanduku la diski hadi liwe tayari, halafu seva, na kompyuta za watu mwisho.

Windows Server

quser huonyesha vikao, net session na openfiles /query huonyesha wa saraka za pamoja, na msg * hutuma ujumbe. Kuzima:

shutdown /s /t 900 /c "Seva itazimwa baada ya dakika 15. Hifadhini kazi."

Kufuta mpango ni shutdown /a. Jambo moja la kujua: ukitaja muda wowote unaozidi sifuri, Windows huongeza kimyakimya nguvu ya kufunga programu zilizo wazi, hata zenye kazi ambayo haijahifadhiwa. Kwa hivyo tangazo lako ndilo kinga ya pekee waliyonayo.

Stima ikikatika

Haya yote yanataka dakika ishirini, na stima haitoi taarifa. Kazi ya UPS ni kununua dakika za kuzima vizuri. Kuendeshea ofisi si kazi yake. Hesabu: betri mbili za volti 12 na Ah 7 zina Wh (wati-saa) 168. Seva na vifaa vinavyokula wati 250 vingepata dakika 40 kwa karatasi, lakini betri za risasi zikinyonywa haraka hivyo hutoa kama nusu. Tegemea dakika 15 hadi 20 zikiwa mpya. Na joto huzila: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu, hivyo iliyotarajiwa miaka minne, ndani ya chumba cha nyuzi 35 usiipe zaidi ya miwili. Andika tarehe ya kununua juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Printa ya leza isikae kwenye UPS. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS hulia au kuzima kila kitu.

UPS nyingi zina waya wa USB ambao haujawahi kutolewa kwenye mfuko wake. Utoe, uunganishe na seva, usakinishe programu ya apcupsd kwa vifaa vya kampuni ya APC au ya NUT kwa vingine. Kwenye apcupsd, viwango vya kawaida ni BATTERYLEVEL 5 na MINUTES 3, yaani hungoja hadi ibaki asilimia 5 au dakika 3. Kwa betri iliyochakaa hizo ni dakika za kwenye karatasi tena. Weka 40 na 10. Kisha jaribu, jioni ambayo hakuna mtu: chomoa plagi ya UPS ukutani, si ya seva, uangalie kama seva inajizima yenyewe kabla betri haijakwisha.

Stima ikirudi, hurudi kwa mikupuo. Yaweza kuja, ikaondoka, ikaja tena. Kwenye mipangilio ya BIOS (ile ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka) chagua seva ibaki imezimwa baada ya umeme kurudi, labda iwe ofisi haina mtu wa kuiwasha. Ngoja itulie, na UPS ijae hadi nusu angalau, ndipo uwashe. Seva inayowashwa na betri tupu haina dakika za kujizimia.

Ikiwa seva inavushwa

Seva inayokwenda bara kwa fundi itapita Mokowe kwa mashua, na hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Ikitoka kwenye chumba cha kipoza hewa ikiwa baridi, maji yatajitengeneza juu ya saketi zake kama kwenye chupa ya soda. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado ndani ya chumba. Ikifika, iache mfukoni saa tatu nne hadi ilingane na joto la mahali, ndipo uifungue. Hii ni muhimu zaidi kaskazi inapokolea na hewa kuwa nzito.

Baada ya kuwasha

last -x | head
journalctl -b -1 -n 50

Ya kwanza huonyesha kama kuzima kuliandikwa kabla ya kuwaka. Ya pili husoma mistari ya mwisho ya safari iliyopita; ikikatika ghafla bila huduma kusimamishwa, haikuzimwa vizuri, hata kama aliyekuwepo anasema vingine. Ikijibu kwamba haina kumbukumbu hiyo, unda saraka /var/log/journal uanzishe mfumo upya. Kwenye Windows, tafuta tukio 6006 kwa kuzima vizuri, na 6008 au 41 kwa kuzima kwa ghafla. 1074 humtaja aliyetoa amri.

Futa /etc/nologin kama uliiunda. Angalia systemctl --failed, iwe tupu. Kisha, kabla ya kuwatangazia watu kwamba seva iko tayari, mwombe karani wa hesabu afungue faili aliyoifunga jana mwisho kabisa, na asome mstari wake wa mwisho.